Mwindaji Asiye na Uso

Tulimzika Mama Mwange siku ya Jumanne, na kufikia Ijumaa nilikuwa nimechoka na pole za watu, nimechoka na viti vya plastiki, nimechoka kumweleza kila mgeni aliyeingia uani namna nilivyohusiana na marehemu. Sikuwa binti yake wala ndugu yake. Nilikaa nyumbani kwake mwaka mmoja tu, nikiwa msichana, na mwaka huo umenikaa ndani kuliko miaka mingi niliyoishi na watu wa damu yangu. Alasiri ile ya Ijumaa mpwa wake, mwanamke wa makamo anayeuza vitenge sokoni, alinisogezea kiti akaniuliza, "Mama Riziki, ni kweli zamani kule juu kulikuwa musitu wa sanamu? Marehemu alikuwa anasema, sisi tukafikiri njo maneno ya uzee." Vijana waliokuwa wakicheza karata waliinua macho. Nikawaambia ni kweli, nikawaonyesha kwa kidole kilima kilicho nyuma ya kambi ya reli, ambako leo hakuna mti wa kumfichia mtu jua: ni mabati, udongo mwekundu na minara miwili ya simu. Walitazama kidogo, wakarudia karata zao. Nilitamani kupanda huko mara moja kabla sijarudi Lubumbashi, lakini miguu iliyosimama wodini miaka thelathini na mitano haikukubali. Nikabaki nimekaa, na mambo ya mwaka ule yakaanza kunirudia moja moja, bila mimi kuyaita.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nchi ilikuwa bado Zaire, majina ya ubatizo yamekatazwa, nami niliyebatizwa Georgette nilikuwa Riziki kwenye karatasi zote, isipokuwa kinywani mwa padri mzee wa misheni aliyeniita Georgette kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa pipi kanisani. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa serikali na kuomba nafasi katika shule ya wauguzi Lubumbashi, na jibu halikuja. Kila juma nilikwenda posta, kila juma karani alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Wazazi wangu walikuwa wamehamia Moba kwa kazi; wakaniacha Kalemie nisubiri barua hiyo, nyumbani kwa mwanamke wa kambi ya reli ambaye hakuwa na mtoto na alikuwa na chumba.

Chumba hicho sikukisahau. Nyumba zile za matofali zilikuwa na vyumba viwili na jiko nje, na changu kilikuwa kile cha upande wa njia. Kulikuwa na kitanda cha chuma, sanduku la mbao lililofungwa kwa waya, na ukutani kofia ya mashinisti imetundikwa msumarini, kitambaa chake kimefifia upande mmoja, ule uliopigwa na jua la dirisha. Mama Mwange aliniambia siku ya kwanza, "Lala popote unapotaka, lakini kofia usiishushe. Mwenyewe akirudi ataitafuta fasi ile." Mwenyewe alikuwa Papa Kalunga, mume wake, aliyekuwa akiendesha treni. Wakati wa maasi, miaka kumi hivi kabla mimi sijafika pale, treni yake ilisimamishwa njiani upande wa Nyunzu, na tangu siku hiyo hakuonekana. Wengine waliokuwa kwenye treni ile walirudi, mmoja mmoja, kwa miguu. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari ya maiti. Kwa hiyo Mama Mwange alimngoja. Hakumngoja kwa kulia. Alimngoja kama mtu anavyofanya kazi ya kila siku. Jioni alipopakua bukari, ugali wetu, alitenga tonge la tatu kwenye sahani ya bati, akaweka kando yake kipande cha samaki wa mukebuka na sombe kidogo, majani ya mihogo, akafunika. Asubuhi mimi ndiye niliyekula kile chakula. Mwanzoni kilinikwama kooni. Baadaye, lazima niseme ukweli, nilikizoea, nikawa nakisubiri.

Kazi niliipata kupitia padri yule mzee, mupe kama tulivyowaita. Kilima kilikuwa cha misheni. Chini kulikuwa na mikaratusi iliyopandwa wakati wa Wabelgiji. Juu yake uliendelea msitu wa asili, na humo ndimo Papa Katele, seremala aliyeacha kazi katika karakana ya reli, alikuwa amepewa ruhusa ya kuchonga visiki na magogo yaliyoanguka. Alianza na kimoja. Nilipofika vilikuwa ishirini na kitu, vingi vya mulombwa, ule mti ambao ukiukata unatoka utomvu mwekundu kama kidonda. Alikuwa amefyeka njia tatu kati ya sanamu zake: njia fupi, njia ya kijito, na njia ya mgongoni, ambako miti ilifunguka ghafla na ukaona ziwa lote, na mahali ambapo mto Lukuga unaliacha ziwa na kushika safari ya magharibi. Siku zile wakubwa walikuwa wanahubiri kurudia asili, na waligundua kwamba mji wetu tayari una asili, imesimama porini. Wakaanza kuleta wanafunzi, wageni wa zone, yaani wilaya, akina mama wa chama, makarani waliovaa suti za abakosti zilizowabana shingoni. Alihitajika mtu wa kuwaongoza na kueleza kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Mupe akanitaja.

Watu wakisikia kazi ya kutembea msituni kati ya sanamu wanadhani ilikuwa raha. Kwa juma la kwanza ilikuwa. Baadaye ikawa kilima tu. Nilikipanda mara mbili, mara tatu kwa siku, na vumbi la mikaratusi puani, nikisema maneno yaleyale mbele ya magogo yaleyale. Huyu ni mama anayetwanga. Huyu ni mganga. Hawa ni mapacha, tazameni vichwa vyao vinavyogusana. Wageni waliuliza maswali yaleyale na kucheka palepale. Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya umma, tulifagia majani kwenye njia, na Jumatatu majani yalikuwa yamerudi yote. Papa Katele mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mabega yameanza kushuka, na mikono yake ilionekana mizee kuliko uso. Alikuwa akichonga tangu asubuhi bila kuinua kichwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini hapumziki. Akasema, "Nikiacha kupiga, nasikia mambo mengine."

Saa sita mchana Mama Mwange alipanda na chakula. Misheni ilimpa kazi ya kutupikia sisi wa msituni, Papa Katele, wanaume wawili wa kufyeka, na mimi. Alibeba beseni kichwani, amelifunga kwa kitambaa, na alikuwa anajulikana kwa mbali kwa sababu ya kikohozi chake kidogo kwenye kona ya mwisho. Aliwapakulia wengine, kisha sahani ya Papa Katele aliipeleka mwenyewe hadi mlangoni mwa atelie yake, kibanda cha mbao chini ya paa la bati. "Kula, shemeji," alimwambia, kwa sababu Papa Katele alikuwa rafiki wa mume wake, na alikuwa kwenye treni ile pamoja naye. Yeye ndiye aliyemletea habari kwamba risasi zilipoanza kila mtu alikimbia upande wake na wakapotezana. Papa Katele aliipokea sahani kwa mikono miwili, macho chini, akasema, "Aksanti, shemeji." Nilidhani ni heshima.

Kwenye njia ya kijito kulikuwa na sanamu moja ambayo wageni waliisimamia kuliko nyingine. Mwanamume ameketi chini, mgongo kwenye shina la mti, mguu mmoja umekunjwa na mwingine umenyooka, na mkono wa kulia ameukalia, vidole viko chini ya paja. Kila kitu kilichongwa vizuri, hata mshipa wa shingo, ila uso haukuwepo. Palikuwa laini kama yai. Papa Katele alinifundisha niseme ni mwindaji anapumzika. Wanafunzi walipouliza mbona hana uso, nilijibu kama alivyoniambia, kwamba mwindaji mzuri haonyeshi uso, wanyama wasimtambue. Waliridhika. Jioni moja jikoni, Mama Mwange akichambua majani ya sombe, alisema bila kuniangalia, "Yule mwindaji wenu anakaa sawa bwana yangu. Kalunga alikuwa anakalia mukono vile, mpaka unakufa ganzi, kisha ananiita nimukande." Nilicheka. Wakati huo nilikuwa sijui kitu, na kicheko changu kilikuwa safi. Yeye hakucheka. Aliendelea kuchambua.

Nilijua siku ya mvua. Ilikuwa alasiri ya kipindi cha mvua kubwa, na wageni hawakuja. Nilikuwa nateremka na beseni la sahani chafu mvua ikaanza, nikajibanza chini ya ukingo wa paa la atelie, upande wa nyuma. Ndani alikuwemo mupe. Nilisikia sauti yao kupitia mbao kama vile nimekaa kati yao. Mwanzoni sikusikiliza. Kisha nikasikia Papa Katele anasema, "Nakula chakula chake kila siku, Mupe. Kila siku."

"Basi mwambie," mupe akasema.

"Nimwambie nini? Kwamba hatukupotezana?"

Mvua ilipiga bati, nikakosa maneno kadhaa. Iliposhuka kidogo alikuwa anaendelea, na sauti yake haikuwa na kitu ndani, kama mtu anayesoma orodha. Alisema Kalunga alipigwa risasi ya paja. Alisema alimbeba, akamburuta, wakalala porini siku mbili. Siku ya tatu Kalunga aliomba maji. "Nikamuegemeza kwenye muti, nikachukua kopo, nikashuka kutafuta mutoni. Nikapata. Nilipokuwa narudi nikasikia sauti za watu. Nikalala chini. Wakapita. Walipita kabisa, Mupe, njia ikawa wazi. Nilikuwa na maji mukononi. Nilisikia anaita. Na mimi nikashika njia nyingine."

Nilisikia mupe akisogeza kiti chake.

"Yale maji niliyanywa mwenyewe. Siku ileile. Sikujua kama nayanywa mpaka kopo lilipokuwa tupu."

Nilikaa pale hadi mvua ilipokatika, beseni kichwani, maji yakinitiririka ndani ya nguo. Sikwenda mbele ya mlango kuwasalimu. Nilipofika nyumbani Mama Mwange alinivua nguo kama mtoto, akanifunika kitenge kikavu, akanipa chai. Kisha akapakua, tonge la tatu kwenye sahani ya bati, akafunika. Asubuhi yake nilisema tumbo linaniuma, na kile chakula nikakitupia kuku.

Nilikaa na jambo lile miezi miwili, na leo nikiitazama ile miezi naona sikuwahi kuchoka namna ile tena, hata wakati wa vita, hata wakati wa kipindupindu tulipokuwa tunalaza wagonjwa chini. Kilima kilizidi kupanda. Nilipofika kwa mwindaji nilisema maneno yangu haraka nikiangalia kijito. Mchana nilichukua sahani yangu nikala mbali. Nyumbani nilikuwa na shughuli kila saa, kufua, kuchota maji, kusoma kaye zangu za zamani za shule, ili nisikae naye jikoni. Nilijiambia siyo siri yangu. Nilijiambia pia kwamba nikisema nitamwondolea kitu anachoishi kwacho, na sina cha kumpa badala yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Mupe nilimwona kanisani. Aliniangalia, nikaangalia chini, na nadhani alielewa kwamba nimesikia, maana tangu siku hiyo alianza kuniita Riziki.

Ikafika siku ya sherehe ya chama. Kundi la kwanza lilikuja saa mbili, wanafunzi mia na zaidi wanaimba. La pili lilikuwa la wageni waliotoka meli ya Kigoma. La tatu, wakubwa wenyewe, walioahidi saa sita, wakafika saa tisa, na wakataka njia zote tatu, na mmoja wao akataka nimrudishe mwanzo kwa sababu alikuwa ameachwa nyuma. Viatu vyangu vya plastiki vilikuwa vimenichuna visigino viwili. Walipoondoka nilishindwa kuteremka. Nilikaa kwenye gogo pale njia ya kijito, mbele ya mwindaji, kwa sababu ndipo nguvu ziliponiishia. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Mama Mwange alikuja na mtungi mdogo wa maji, akaketi chini, akaweka mguu wangu mapajani mwake, akauosha polepole. Maji yalikuwa baridi. Nilifumba macho. Alikuwa anaongea mambo ya kawaida, bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, jirani aliyejifungua. Kisha kwa sauti ileile, akiendelea kuosha, akauliza, "Huyu alikufia fasi gani?"

"Porini," nikasema, "kabla ya Nyunzu. Alikuwa anangoja maji."

Nilisikia maneno yangu yakiwa yameshatoka. Nilifungua macho. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya kisigino changu. Hakuniangalia mimi, aliangalia ule uso laini. Baada ya muda akamaliza kuosha mguu wa kwanza, akachukua wa pili, akauosha pia mpaka mwisho, akaukausha kwa pindo la kitenge chake. "Nani alienda kutafuta maji?" akauliza. Nilitazama upande wa atelie, ambako nyundo ilikuwa inapiga, na hilo lilitosha. Jioni ile alipakua matonge mawili. Ile sahani ya bati aliiosha, akaifuta, akaitia ndani ya sanduku.

Kesho yake nilipanda nyuma yake. Aliwapakulia wengine. Akapeleka sahani mlangoni mwa atelie kama kawaida. "Kula, shemeji." Papa Katele akanyoosha mikono. Safari hii Mama Mwange hakuondoka. Aliketi kizingitini, akamwangalia akila, tonge moja, matonge mawili, hadi yule mzee akaweka sahani chini.

"Aliita?" Mama Mwange akauliza.

Papa Katele alinitazama mimi nyuma yake, kisha akamtazama yeye. Nilidhani atakana. Nadhani alikuwa amechoka kuliko sisi wote.

"Aliita, shemeji."

"Alimwita nani?"

"Mimi. Aliniita mimi kwanza, mara nyingi. Kisha akakuita wewe."

"Mara ngapi?"

"Sikungoja nihesabu."

Wanaume wa kufyeka walikuwa wamesimama na majembe yao, hawaelewi kitu. Mwishowe Mama Mwange akasema, "Utanipeleka fasi ile," akainuka, akakusanya sahani, ile ya Papa Katele pia, ikiwa bado na chakula.

Tulikwenda watatu, kwa treni. Ilichukua siku nzima kwa sababu ya kusimamasimama, na hakuna aliyezungumza, isipokuwa Mama Mwange kununua ndizi kwenye kituo na kugawa tatu, moja moja. Tulilala kwa watawa wa Nyunzu. Alfajiri tukarudi nyuma kwa miguu tukifuata reli, Papa Katele mbele, hadi mahali ambapo aliingia porini kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeijua njia. Lakini pori halikuwepo tena. Yalikuwa mashamba ya mihogo, moja baada ya jingine, na miti mikubwa ilikuwa imekatwa. Alitembea huku na huku, akasimama kwenye kila kisiki, akashika magome kwa kiganja. Kijito alikipata. Mti hakuupata. Mwanamke aliyekuwa akipalilia alituangalia akauliza tunatafuta nini, kisha akarudi kwenye palizi yake. Jua lilipofika utosini Papa Katele alikuwa anazungukazunguka peke yake kati ya mihogo, analia bila sauti. Mama Mwange akamwambia, "Basi, Katele. Chagua fasi moja." Hakumwita shemeji. Akachagua. Palikuwa ardhi tu, kama nyingine. Mama Mwange akaketi hapo, akanyoosha miguu, akakaa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kusinzia. Alikuwa amebeba maji kwenye chupa. Nilidhani atayamwaga chini, kama nilivyoona watu wanafanya makaburini. Hakumwaga. Alikunywa, akanipa nami nikanywa, kisha akamnyooshea Papa Katele. Yule mzee alishika chupa, akaiweka mdomoni, na maji yote yakamtoka pembeni mwa midomo yakashuka kifuani. Mama Mwange alingoja. "Tena," akamwambia. Mara ya tatu ndipo alipoweza kumeza.

Tuliporudi Kalemie alifanya matanga. Majirani walishangaa, matanga ya mtu aliyepotea miaka kumi, lakini walikuja, wakakaa, wakalia. Alinyolewa nywele. Kofia aliishusha mwenyewe, akampa kijana wa kambini aliyekuwa anaanza kazi ya treni. Papa Katele hakuingia uani. Alikaa nje kwenye ukuta siku zote, na hakuna aliyempelekea chakula, kwa sababu Mama Mwange hakusema apelekewe. Alijua kulipiza, sitaki kumpaka mafuta. Kwa miezi iliyobaki msituni aliwapikia wanaume wa kufyeka na mimi, na Papa Katele alijiletea mihogo yake ya kuchemsha ndani ya gazeti.

Lakini mwezi baada ya matanga alipanda asubuhi bila beseni, akaenda mlangoni mwa atelie akamwambia, "Umutengenezee uso." Papa Katele akasema hawezi, amejaribu mara nyingi, mkono unagoma. "Mimi nitakuambia," Mama Mwange akasema. Ikawa hivyo kwa majuma matatu. Nilipopita na wageni niliwakuta pale kwenye njia ya kijito, yeye ameketi kwenye lile gogo, yule mzee amepiga magoti na patasi. Sikumsikia akimlaumu hata mara moja. Nilisikia, "Paji la uso lilikuwa pana kuliko hapo." Nilisikia, "Hapana, kwenye jicho la kushoto alikuwa na kovu, tuliwahi kugombana." Siku nyingine patasi ilisimama saa nzima kwa sababu Mama Mwange alikuwa amesahau umbo la sikio, na kusahau huko kulimtisha kuliko kitu chochote, nilimwona anashika masikio yake mwenyewe, analitafuta. Wageni waliniuliza hao ni nani. Nilisema ni mafundi. Siku ya mwisho Papa Katele alipuliza unga wa mbao, akasogea nyuma. Mama Mwange aliangalia sana. "Haiko yeye," akasema. Kisha, baada ya kuinuka na kujikung'uta kitenge, "Lakini acha vile."

Barua yangu ilikuja mwisho wa kiangazi. Niliondoka kwa treni, naye alinisindikiza hadi kituoni na kifurushi cha ndagala zilizokaangwa, akaniambia nisome vizuri na nisiolewe na usingizi wala na wanaume waongo. Papa Katele alikufa kabla ya miaka mitano, kifua. Niliandikiwa kwamba Mama Mwange ndiye aliyemwosha, kwa sababu hakuwa na mke. Mupe alirudi kwao. Msitu ulikatwa kwa makaa wakati wa vita, polepole, kisiki kwa kisiki, na mtu akiwa na njaa hatofautishi mulombwa uliochongwa na usiochongwa. Simlaumu mtu. Mimi pia nimepikia makaa.

Nilimtembelea mara moja moja, kila nilipopata likizo, na kila mara nilibeba neno moja ambalo sikulisema. Nilikuwa nimeitoa siri ya mtu kwa mwanamke asiye na habari, kwa ulimi wa uchovu, kwa sababu tu visigino vyangu vilikuwa vinauma. Wodini niliwafundisha wauguzi wadogo wajihadhari na saa za mwisho za zamu, kwamba hapo ndipo mtu huwaambia wagonjwa mambo kwa namna mbaya, na hawakujua namfikiria nani. Mwaka jana nilimkuta hainuki tena kitandani. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Nikasema, nikiangalia kazi yangu, "Mama, nina deni la kukuomba musamaha. Ile siku ya sherehe, kule kwenye kijito. Niliropoka. Nilikuwa nimechoka, sikujua nasema nini."

Kisha nikaona tumbo lake linatikisika chini ya shuka. Alikuwa anacheka.

"Riziki," akasema, "unafikiri nilipanda kule na maji juu ya nini? Tangu siku ya mvua ulikuwa huniangalii machoni. Ukaacha kula chakula cha bwana yangu. Nikajua unajua. Lakini kila siku nilikuona bado uko na nguvu, nikasema huyu atanidanganya, mutoto muzuri atanidanganya ili nisilie. Basi nikangoja." Alivuta pumzi, akafumba macho, na mkono wake ukatafuta wangu juu ya shuka. "Miezi miwili nilingoja. Ni wewe njo ulichelewa kuchoka."